Siku Kollpani Ilipojaa Watu

Kollpani ni kijiji cha makufuli. Nyumba zipo, kanisa lipo, uwanja wa mpira upo na magoli yake mawili, lakini milango mingi imefungwa, wenyewe wako mbali, na kutu imeyala makufuli kiasi kwamba hata funguo zikiletwa leo nyingine hazitaingia. Waliobaki ni wazee, mbwa na lama, wale ngamia wadogo wasio na nundu. Asunta Choque alikuwa mmoja wa hao waliobaki, na si kwamba hakuijua njia ya kuondokea. Alibaki kwa sababu ya tindiga.

Tindiga lile, bonde la majimaji, liko chini ya kijiji, pale chemchemi inapotokeza, na majani yake hubaki mabichi mwaka mzima, hata mwezi wa Julai baridi inapopasua mawe. Katika nyanda hizi za juu zisizo na mti, lama jike akizaa mbali na tindiga mtoto hafiki mbali. Asunta aliolewa katika nyumba iliyopakana nalo. Mumewe, Fermín, alipokufa, alimwachia lama pamoja na jembe la kusafishia mifereji ya maji, na kila asubuhi mama huyu alishuka na jembe lake, sketi zake nzito kazikunja magotini, akaelekeza maji huku na huku mpaka kila kipande cha majani kikapata riziki yake. Watu walikuwa wakimtania kwamba analilisha tindiga kwa kijiko.

Nyuma ya mlima kuna mgodi wa zinki. Mgodi ulikuwa umeshakausha kijito chake wenyewe na sasa ulikuwa unaitolea macho chemchemi ya Kollpani. Mabomba meusi, manene kama paja la mtu mzima, yalilazwa kando ya barabara yakisubiri kibali tu. Kilichozuia kibali si Mungu wala mlima, bali mtu mmoja, Casimiro Lázaro, mtoto wa kijiji cha pili na mbunge wa jimbo letu dogo. Kila kibali kilipoletwa mezani, Casimiro alisimama bungeni huko La Paz akapiga kelele mpaka kikarudishwa. Wenzake wa mjini walimcheka kwa kofia yake na kwa Kihispania chake cha kujikwaa. Wacheke tu. Maadamu alikuwa na kiti, maji yalikuwa yetu.

Ndipo serikali ikatangaza sensa. Redio ilieleza kwa lugha rahisi hata mbwa wangeelewa: viti vya bunge vitagawanywa upya kwa kufuata vichwa vya watu. Penye watu wengi vitaongezwa, penye wachache vitapunguzwa. Mkoa wa Santa Cruz, huko chini kwenye joto, ulikuwa ukivimba mwaka hadi mwaka, na kilichouvimbisha ni sisi wenyewe. Tulizaa, tukalea kwa ch'uño, viazi vyetu vilivyokaushwa kwa baridi, na nyama kavu ya lama, na kijana alipoanza kuota ndevu akapanda basi. Leo wanatuambia sisi ni wachache.

Mwaka huo zamu ya uongozi wa ukoo iliangukia shamba la marehemu Fermín, kwa sababu kwetu cheo hufuata ardhi, hakiombwi wala hakikataliwi. Na cheo hushikwa na watu wawili, mwanamume na mwanamke. Mjane huazimwa mwanamume wa upande wa mumewe, kwa hiyo Asunta alisimama na shemeji yake, Severino, mtu mpole, mzito wa maneno. Aliyezungumza siku ya mkutano ni Asunta.

"Watoto wote wa Kollpani warudi wahesabiwe hapa," alisema. "Walioko Santa Cruz, walioko El Alto, hata aliyeko Argentina akishona nguo za watu. Asiyekuja, shamba lake tutampa mwingine. Na wakiulizwa wanaishi wapi, wajibu wanaishi hapa."

Mzee Eulogio, ambaye hajawahi kukosa la kupinga, alitema majani ya koka kando. "Mama Asunta, tumelelewa kwa mambo matatu. Usiibe, usiseme uongo, usiwe mvivu. Sasa unatuamrisha la pili tuliweke mfukoni?"

"Si uongo, mzee," alisema Severino. "Mtu anaishi pale kitovu chake kilipozikwa."

"Kitovu hakipigi kura, Severino."

"Basi kama ni dhambi, iwe yangu," alisema Asunta. "Wewe unataka kufa ukiwa msema kweli, mimi nataka kufa nikiwa na maji." Watu walicheka, na Eulogio naye akacheka, na neno likapita.

Siku moja kabla ya sensa mabasi yalianza kuingia. Watu waliteremka wamevimba miguu, midomo imeshakauka kwa upepo, wamebeba mikate, mananasi na vitoto visivyojua Kiaymara, lugha yetu. Kijiji kizima kilianza kugonga makufuli kwa mawe.

"Shemeji, langu halifunguki kabisa."

"Lipake mafuta. Limekuwa likikungoja miaka kumi, limeshasusa."

"Mwoneni huyu na miwani yake ya jua. Unaficha macho au unaficha aibu?"

"Naficha deni nililokuachia, mama mdogo."

Moshi ulipanda kutoka kila nyumba. Watoto walicheza mpira uwanjani na kukaa chini kila mara kwa sababu hewa yetu nyembamba iliwazidi. Asunta alizunguka na fimbo yake ya uongozi yenye pete za fedha, akiwasalimia watu kwa majina ya babu zao, na moyo wake ulikuwa mwepesi. Alijua wamekuja kwa kuogopa shamba, lakini alifurahi, na sioni sababu ya kumlaumu.

Limbert, mwanawe wa pekee, alifika na basi la mwisho pamoja na watoto wake wawili. Ni fundi wa vigae huko Santa Cruz. Hakuwa amekanyaga Kollpani tangu kabla ya kifo cha baba yake. Alimkumbatia mama yake, akalalamika kichwa kinamwanga, akaomba majani ya koka ayatafune. Wakati wa kula, watoto walitema ch'uño kwenye viganja.

"Wasamehe, mama," alisema Limbert. "Kwetu hawazoei vyakula hivi."

Asunta aliliokota neno hilo "kwetu" na kulimeza pamoja na supu. Baadaye, akimwonyesha godoro, alitaka kumwambia kuhusu maziko. Alitaka kumwambia jinsi jeneza lilivyomsubiri mpaka kasisi akachoka kusubiri, na jinsi yeye mwenyewe, mke, alivyotupa udongo wa kwanza ambao kwa desturi hutupwa na mwana wa kiume. Alimtazama anavyoangalia simu yake isiyoshika mtandao humo ndani, akamtandikia blanketi.

Kesho yake hakuna gari lililoruhusiwa kutembea nchi nzima, na kila mtu alitakiwa akae ndani mwake mpaka ahesabiwe. Karani wetu alikuwa Mwalimu Roxana, binti wa mjini aliyekuwa akifundisha watoto wachache waliobaki. Alianzia nyumba ya uongozi, na hapo ndipo penye desturi ambayo mgeni hawezi kuifahamu. Siku ya kupanda, kiongozi ndiye anayechora mtaro wa kwanza, na wote hupanda kwa kufuata mwelekeo wake, hata ukipinda. Anayechora wa kwake peke yake huleta mvua ya mawe kwa jirani. Basi watu walikuwa wamesimama nje ya ukuta wa Asunta, wakijifanya wanaota jua, wasikie nyumba ya kwanza inajibu nini.

Asunta alihesabiwa kwanza, kwa urahisi. Kisha Limbert akaketi mbele ya mwalimu, mikono magotini kama yuko mahakamani.

"Kwa kawaida unaishi wapi?" aliuliza Mwalimu Roxana.

"Hapa hapa Kollpani."

"Kazi?"

"Mfugaji. Nafuga lama."

Mwalimu aliviangalia viatu vyeupe vya Limbert, akaandika. Hakuwa mjinga, ila mshahara wake haukuwa wa kubishana na watu.

"Na katika nyumba hii unaishi na nani?"

"Na mama," alisema Limbert, sasa ulimi umeshalainika, mambo yanakwenda. "Tangu baba afariki, mimi ndiye ninayemtunza."

Asunta alikuwa amesimama jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amejiandaa kwa uongo wa kila aina, na mwingine aliutunga yeye. Huu hakuujua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, lakini uchungu huu haukuwa wa kumzaa.

"Unamtunza nani?" aliuliza.

Limbert aligeuka. "Mama, si ndivyo ulivyotuagiza?"

"Nilikuagiza useme unaishi hapa. Sikukuagiza useme unanitunza." Alikuja mpaka mezani. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ukuta wetu ni wa udongo na nje palikuwa kimya. "Mwalimu, futa hayo. Huyu anaishi Santa Cruz. Baba yake alilala kwenye jeneza akimngoja, hakuja. Nimevuna peke yangu, nimekata manyoya peke yangu, nimeugua mapafu hapo kwenye kona peke yangu, hakuja. Leo amekuja kwa sababu nilitishia kumnyang'anya shamba. Andika Santa Cruz."

"Shemeji," alisema Severino kutoka mlangoni, "keti kwanza upumue."

"Nimeketi vya kutosha."

Mwalimu Roxana alimtazama Severino, akamtazama Asunta. "Mama, nikiandika nimeandika. Niandike kweli?"

"Andika."

Akaandika. Watoto wa Limbert nao wakaandikwa Santa Cruz.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nyuma ya ukuta habari ilitembea kabla ya mwalimu kufunga kalamu yake: kwa Mama Asunta wamesema Santa Cruz. Nyumba ya pili ilikuwa ya Eulogio, na mzee alipumua kama aliyetuliwa mzigo. "Binti yangu? El Alto. Mwaka wa ngapi sijui." Nyumba ya tatu, Santa Cruz. Ya nne, Santa Cruz. Severino alikimbia mlango hadi mlango, akibembeleza kwa maneno yake mazito, na watu walimjibu kwa heshima zote: kiongozi amechora mtaro, baba, nani apande nje yake? Kijiji kilikuwa kimejaa watu pomoni, na kwenye makaratasi ya serikali kikazidi kuwa kitupu.

Jioni, magari yaliporuhusiwa, Limbert alifunga mzigo wake. Mama yake alimfungia nyama kavu kwenye kitambaa, kwa sababu hasira ni hasira na njaa ni njaa.

"Hukuwahi kuniuliza kwa nini sikuja," alisema Limbert.

"Ungekuja ningekuuliza."

Alipanda basi. Asunta alibaki barabarani mpaka taa za basi zilipozama nyuma ya kilima, kisha akarudi nyumbani akala supu ya watu wanne peke yake, kijiko baada ya kijiko, maana kwetu chakula hakitupwi.

Matokeo yalichukua muda mrefu, na yalipokuja yalikuja kwa njia ya ramani. Mkoa wetu umepungukiwa viti, Santa Cruz umeongezewa. Jimbo letu dogo lilifutwa, likashonwa pamoja na mitaa ya pembezoni mwa jiji la Oruro. Bwana mmoja wa kupima mipaka ya majimbo aliyepita kijijini alitueleza kwamba hata kama Kollpani nzima ingesema uongo kwa sauti moja, jimbo lingefutwa tu. Kuna vijiji vilidanganya mpaka vikawahesabu marehemu, navyo vilifutwa. Sasa mweleze hayo mtu anayetafuta wa kumlaumu. Mwaka wa uongozi wa Asunta ulipoisha, hakuna aliyemvika shada la maua shingoni, na hayo maua ndiyo mshahara wote wa cheo chetu. Aliichukua ile fimbo, akaiweka juu ya meza ya mkutano, akarudi kwenye mifereji yake.

"Angalau ungekasirika kesho yake," Eulogio alimwambia siku moja njiani, yeye aliyekuwa wa pili kusema kweli.

"Na wewe angalau ungekuwa mwongo siku moja," alimjibu Asunta, na hawakusalimiana tena mpaka mwaka uliofuata.

Limbert alipiga simu miezi ile. Simu zake zilikuwa fupi, za kutafuta njia ya kurudi moyoni mwa mama yake bila kupitia mlangoni. Katika moja alisema mtaa wao, uliokuwa kichaka tu walipohamia, sasa ni sehemu ya jimbo jipya, na wao watakuwa na mbunge wao wenyewe kwa mara ya kwanza. Asunta alimwambia ni vizuri.

Casimiro aligombea tena. Alikwenda kwenye ile mitaa ya mjini na kofia yake, akazungumza habari za chemchemi na tindiga. Watu walimsikiliza kwa adabu kisha wakamuuliza ni lini barabara itawekwa lami. Mpinzani wake alikuwa na malori yanayobeba mawe ya mgodi, na aliahidi ajira. Mimi siwalaumu waliotaka ajira, ila siwapendi pia.

Siku ya kura Kollpani ilitembea kwa miguu mpaka shule iliyokuwa kituo cha kura, kwa kuwa siku hiyo nayo magari hayatembei. Wazee walibebwa migongoni kwa shuka za kufumwa. Hakuna kura yetu hata moja iliyopotea. Casimiro alishinda Kollpani, akashinda kijiji chake, akashinda kila kijiji hadi mpaka wa Chile, na kwa muda redio ilimtaja kama mshindi. Kisha zikaanza kumwagwa kura za mitaa ya mjini, mitaa michache ambayo mtu angeimaliza kwa miguu kabla ya chai kupoa, na zikaifunika milima yote. Wanaosema wingi si hoja hawajawahi kuhesabiwa kura.

Casimiro mwenyewe alikuja kumuaga Asunta. Walisimama kando ya chemchemi.

"Unajua kinachoniuma, mama?" alisema. "Nimepita nyumba kwa nyumba kwenye mitaa ile. Nusu yao wametoka huku. Wengine walinikaribisha kwa Kiaymara, wakanipa ch'uño. Kura wakampa mwingine."

"Wana watoto wao huko."

"Wana mama zao huku."

Asunta aliinama akatoa tope kwenye mdomo wa mfereji kwa mkono, na maji yakapita.

Kibali kilitoka kabla ya mavuno ya kinoa, nafaka yetu. Mabomba meusi yaliyokuwa yamelala kando ya barabara yaliamshwa, yakaungwa, yakapanda mlima. Ulijengwa uzio kuzunguka chemchemi, na mlinzi akawekwa, kijana mwenye adabu aliyemwita Asunta "bibi" kila alipomwambia asogee. Tindiga halikufa siku moja. Lilianza kuwa la njano pembeni, likapasuka, na katikati pakabaki kidimbwi ambacho lama walikikanyaga mpaka kikawa tope. Msimu wa kuzaa ulipofika, majike yalizaa watoto wenye shingo zisizosimama. Asunta aliwanywesha maji ya kisima chenye chumvi kwa chupa ya soda, akawafunika kwa sketi zake, akawazika mmoja mmoja. Alikuwa anamzika mmoja wao simu ilipolia.

"Mama, uko wapi? Mbona unahema?"

"Niko shambani. Sema, mwanangu."

"Mama, maji yamefika." Limbert alikuwa akicheka kama alivyokuwa akicheka utotoni. Nyuma yake kulikuwa na muziki na watu. "Bomba limeingia mpaka uani kwetu. Miaka yote tunanunua maji ya lori, machafu, watoto wanaharisha. Na si unajua aliyelileta? Mbunge wetu. Amekuja mwenyewe kulifungua, nimempa mkono. Tungekuwa hatuna kiti tungekunywa vumbi mpaka Kiyama. Mama, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ngoja usikie na haya. Ngoja."

Aliisogeza simu karibu na bomba. Asunta aliibana simu sikioni kwa mkono wenye udongo na akasikia maji yakianguka kwenye ndoo, kwa nguvu, na wajukuu wake wakipiga kelele chini ya maji hayo. Aliyasikiliza muda mrefu. Mbele yake tindiga lilikuwa jeupe kwa chumvi, na lama waliobaki wamesimama juu yake wakinusa. Angeweza kumwambia. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Umesikia, mama?" Limbert alirudi kwenye simu. "Si njoo ukae na sisi? Chumba kipo, na sasa maji ndiyo hayo."

Nyuma ya sauti yake ndoo ilikuwa imeshajaa, na maji yalikuwa yakimwagika kwenye sakafu ya uani.

"Limbert," alisema Asunta, "funga bomba, mwanangu. Usiyaache yamwagike."